Siku 14 za Susu

Barua ilifika siku ya 11. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimesimama nje ya posta, jua la saa saba likinichoma kisogo. Ilikuwa imeandikwa tarehe 3 na mimi niliitoa kwenye sanduku tarehe 14. Ndani kulikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema ombi letu la kubadilisha matumizi ya ploti limekataliwa kwa kuwa eneo hilo limetengewa biashara. Ya pili ilisema kama hatujaridhika, tuna haki ya kukata rufaa ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe.

Tangu uamuzi utolewe, si tangu barua ifike. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumebakiwa na siku 3: Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Sitataja mji wala kaunti. Niseme tu kwetu ni karibu na Mto Athi, ambao kwa mwendo mrefu ndio mpaka wa Kitui na Makueni, na nina ndugu pande zote mbili za maji. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi, ana miaka 86. Alivunjika nyonga akianguka jikoni, na tangu hapo anatembea kwa kiti cha magurudumu. Nasema anatembea, lakini ukweli ni kwamba anasukumwa hadi mlangoni na hapo safari inaisha. Nyumba yake iko kwenye mteremko, ina ngazi 4 na choo kiko nje, kule chini kwa miembe.

Wazo la kujenga halikuwa letu wajukuu. Lilikuwa la Susu na wenzake 3 wa mwethya. Kama hujui mwethya, ni ile kazi ya kusaidiana kwa zamu: leo mnalima kwangu, kesho mnamjengea fulani, keshokutwa mnachimba matuta kwa mwingine. Hawa wanne wamechimba matuta pamoja tangu wakiwa maarusi. Sasa mmoja haoni, mwingine miguu imevimba, na wa tatu ana nguvu zake lakini watoto wote wako Nairobi na Mombasa. Huyo wa tatu ana ploti sokoni yenye duka lililofungwa tangu mumewe afariki, hatua chache kutoka zahanati. Wakakubaliana: duka ligeuzwe vyumba vinne, choo kiwe ndani na kiwe kipana, kuta ziwe na vyuma vya kushikilia, na mlango usiwe na ngazi. Wazeeke pamoja, karibu na dawa. Sisi wajukuu tukafungua grupu ya WhatsApp na kuanza kuchanga.

Tulilipia mchoro, ripoti ya mtaalamu wa mipango na ada ya maombi. Tukasimika bango la kuwaarifu majirani. Jirani mmoja akaandika kupinga, na sikumchukia, kwa sababu aliniambia sababu yake usoni: "Watu wakizoea kuona jeneza likitoka hapo, nani atanunua mkate kwangu?"

Usiku ule wa Ijumaa sikulala. Nilifungua simu nikaanza kusoma sheria. Nilitaka kujua hizi siku 14 zilitoka wapi, na aliyeziandika alikuwa anamfikiria mtu gani.

*

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kichekesho kichungu. Kuna wakati wazee hawakuomba ruhusa ya kujenga. Wao ndio waliotoa ruhusa.

Boma la Kikamba la zamani lilikuwa na thome, pale mahali pa moto nje ya lango, ambapo wanaume wazee waliketi jioni na mambo ya boma yakazungumzwa. Juu ya familia kulikuwa na nzama, baraza la wazee. Ukitaka kujua mpaka unapita kwenye mti gani au nani alilima wapi kwanza, uliwauliza wao. Tusiipake sukari, thome haikuwa ya kila mtu. Susu, kama mwanamke, hangekuwa na kiti pale. Lakini angalau mtu aliyeamua alikuwa na magoti yanayouma. Leo afisi inayoamua iko ghorofani, na mzee ndiye anayepanga foleni chini.

Halafu kuna 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba ng'ombe wa Ukambani ni wengi kuliko ardhi, ikaanza kuwachukua kwa lazima na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wilaya ya Machakos ya wakati huo ilijumuisha Makueni, ambayo haikuwa wilaya yake yenyewe hadi 1992. Hakukuwa na fomu ya kulalamikia jambo hilo. Basi kundi kubwa la watu, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walienda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor na kusema hawatoki hadi Gavana awasikilize. Walikaa wiki kadhaa. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini kule kuuza mifugo kwa lazima kukasimamishwa. Ukipita City Market kuelekea Jivanjee, barabara unayokanyaga ina jina lake.

Shuleni tulifundishwa hadithi hiyo kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini usiku ule niliisoma kama rufaa, na nikaona jambo ambalo mwalimu hakulitaja. Rufaa ile ilisimama kwa sababu waliokuwa nayo waliweza kwenda na waliweza kungoja. Miguu yao ndiyo iliyokuwa hoja. Susu hana miguu hiyo, na kungoja ndiko kunakomla.

*

Mwaka wa 1968 ulileta vitu viwili vinavyomgusa Susu mpaka leo.

Cha kwanza ni Sheria ya Uamuzi wa Umiliki wa Ardhi, ile iliyoleta maafisa na wapimaji kijijini kuamua shamba ni la nani. Usiporidhika na walichoandika kwenye rejista, unaweka pingamizi ndani ya siku 60. Usiporidhika na uamuzi wa pingamizi, una siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri, na uamuzi wake ni wa mwisho. Baada ya hapo unabaki na mlango mmoja mwembamba: kuiomba mahakama iangalie kama utaratibu ulifuatwa. Angalia vizuri nani amewekewa saa hapo. Mwananchi amepewa siku 60, lakini rufaa yenyewe haikuwekewa siku ya kumalizika. Ndiyo maana ukikaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iwe Kitui au Makueni, utasikia kesi za mashamba ambazo walioanza kulalamika ni marehemu, na wanaosimama kizimbani ni watoto na wajukuu.

Kwetu pia ni hivyo. Mpaka wa shamba la babu unabishaniwa na upande wa ndugu yake tangu kabla sijazaliwa. Kila msiba ukitokea upande mmoja, mambo yanarudi nyuma hadi apatikane wa kusimama badala ya marehemu. Kwa hiyo hakuna hati. Na bila hati, ukipeleka mchoro wa nyumba mpya kwenye shamba hilo, utaulizwa swali moja tu na utarudi nyumbani. Watu wa mjini wanapenda kuuliza, "Si mngemjengea tu hapo nyumbani?" Hapo nyumbani ndipo penye kesi. Ndiyo sababu tulikimbilia ploti ya sokoni.

Kitu cha pili cha 1968 ni kanuni za ujenzi zilizopewa mabaraza ya miji wazitumie: ukubwa wa chumba, madirisha, mifereji, kuta. Zilikaa hadi zilipoletwa kanuni mpya za kitaifa za 2024. Ni miaka 56. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya kanuni zile alikuwa amebakiza miaka 4 kufika 60, umri ambao Katiba yetu inaanza kumwita mtu mzee.

Mwaka wa 1996 ikaja Sheria ya Mipango ya Maeneo, na mtu wa kawaida aliyenyimwa ruhusa ya kujenga akapata ngazi zinazoeleweka. Ziliwekwa kamati za uhusiano, za wilaya na za manispaa, na moja ya kitaifa juu yao. Ulianza hapo chini, ukapanda, kisha Mahakama Kuu. Siku za kukata rufaa zilikuwa 60.

Mwaka wa 2003 ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ilisema mwenye jengo la umma alirekebishe ili mtu mwenye ulemavu aweze kuingia na kulitumia. Kisha ikampa miaka 5 ya kufanya hivyo. Na hiyo miaka 5 haikuanza kuhesabiwa 2003. Kifungu hicho kiliachwa nje sheria ilipoanza kazi, kikaja kuwashwa Januari 2010. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu siku Bunge lilipopitisha sheria ile alitakiwa kusubiri hadi 2015 ndipo aweze kumwambia mwenye jengo kwamba muda wake umeisha. Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile.

Katikati yao kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika. Cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Cha 57 kinasema mzee ataishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Nilimsomea Susu hicho cha 57. Akaniuliza, "Na hiyo Serikali, mwana wakwa, inakaa wapi? Niende niiambie niko hapa."

*

Sasa tufike kwenye siku 14.

Ugatuzi ulipoanza 2013, nyumba na mipango ya miji vilienda kaunti. Sheria ya 1996 ikawa nguo iliyobana, na mwaka wa 2019 ikabadilishwa na Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi. Hiyo mpya inasema usijenge wala kubadilisha matumizi bila ruhusa ya kaunti. Ukikaidi, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi 2, au vyote. Kaunti ikikaa kimya siku 60, inahesabika imekubali. Ikikukatalia, una siku 14 za kwenda kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, na kamati nayo ina siku 14 za kuamua. Usiporidhika, unapanda hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Zile siku 14 hazikuwekwa kwa ubaya. Ukiwa umekopa benki unataka kujenga fleti, kila mwezi wa kungoja ni riba. Mtu kama huyo anashukuru mambo yakienda mbio, na ana wakili wa kumpigia simu siku hiyo hiyo. Kamati nayo imewekewa saa, jambo ambalo sheria ya 1968 haikulifanya. Kwenye karatasi, hii ni hatua mbele.

Lakini soma tena ukimweka Susu kwenye sentensi. Anaishi mahali ambapo barua inakuja kwa sanduku la posta la mjomba. Karatasi haisomi, lazima asomewe. Kutoka nyumbani hadi makao makuu ya kaunti ni pikipiki, kisha matatu, na matatu haina pa kuweka kiti chake. Sheria imechukua siku zake 60 ikabakisha 14, na haikuuliza kama yeye pia ameongeza mwendo.

Jumatatu nilichukua ruhusa kazini nikapanda gari la saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimeandika rufaa ya kurasa 2 kwa mkono wangu, na kidole gumba cha Susu kimepigwa wino chini. Mapokezi walikuwa wazuri, kusema kweli. Kijana mmoja alinipa kiti na maji. Kisha akaniambia kamati haipo.

"Haipo kivipi? Wametoka?"

"Haijateuliwa. Ile ya zamani muda wake uliisha."

"Sasa rufaa naipeleka kwa nani?"

Akakuna kichwa. "Wacha nikupigie muhuri uonyeshe ulikuja."

Akanipigia. Nilitoka na nakala yenye muhuri wa siku ya 14, ya kamati isiyokuwepo. Jioni nilimpigia wakili mmoja, rafiki ya rafiki, nikamwuliza kama tunaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Alicheka kidogo, si kwa dharau. Akanieleza kuhusu kesi ya Karume, ambapo Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka wa 1992 kwamba sheria ikikuonyesha njia ya kutatua lalama yako, lazima uifuate hiyo. Tangu hapo imekuwa kama wimbo wa mahakama zetu: mtu anakuja na lalama ya kweli, anaulizwa kama alipita kwa kamati, akisema hapana, kesi inatupwa nje kabla ya mtu yeyote kuangalia kama amedhulumiwa.

"Na kama kamati haipo?"

"Basi unaomba usamehewe hiyo hatua." Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inairuhusu mahakama kumwondolea mtu sharti hilo kukiwa na hali ya kipekee. Ni mlango halali. Lakini unafunguliwa kwa ombi, kiapo, ada ya wakili na tarehe ya kutajwa, halafu tarehe nyingine ya kutajwa. Na ukishinda, umeshinda ruhusa ya kusikilizwa. Nyumba bado.

*

Kuna mahali Kitui ambapo nyumba za wazee zilijengwa, na nimekuwa nikipafikiria sana. Ni Kijiji cha Nyumbani, upande wa Kwa Vonza. Aliyekianzisha ni Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani ambaye pia alikuwa daktari. Mwaka wa 1992 alikuwa ameanzisha makao ya watoto wenye virusi vya UKIMWI Nairobi. Shule za umma zilipowakataa watoto hao, makao yalienda mahakamani, na Januari 2004 Serikali ikakubali wapokelewe. Kisha akaja kwenye tatizo la pili. UKIMWI ulikuwa umebeba kizazi cha katikati. Walibaki watoto wasio na wazazi na wazee wasio na watoto.

Baraza la Kaunti la Kitui la wakati huo lilitoa ekari 1,000. Kijiji kilianza kupokea watu 2006, mwaka ule ule padri alipofariki. Hakikujengwa kama bweni. Kilijengwa nyumba kwa nyumba: bibi au babu mmoja, watoto kama 10, jiko moja. Lengo lilikuwa wazee 100 na watoto 1,000. Wengi wao hawakuwa damu moja. Waliitwa familia, wakawa familia.

Ninachokipenda hapo ni kwamba mtu alikaa chini akachora mji akianza na bibi. Shamba lake, maji yake na shule ya watoto wake viliwekwa pale anapoweza kufika. Bibi hakuwa nyongeza iliyokumbukwa mchoro ukiwa umekwisha. Na ilihitaji zawadi ya ardhi, fedha za nje na jina la padri. Mwethya ya akina mama wanne haina vitu hivyo. Ina ploti moja, na ilikuwa na siku 14.

*

Kilichotokea mwisho hakitaonekana kwenye ripoti yoyote ya kesi. Yule kijana wa mapokezi alinitafuta kwa simu wiki mbili baadaye. Akasema ofisi haina shida na nyumba ya kuishi nyuma ya duka, wengi wanazo. Shida ilikuwa vile tulivyoandika: makao ya wazee na watu wenye ulemavu. Hilo linaleta maswali ya leseni, ya majirani, ya eneo la biashara. "Andikeni ni nyumba ya familia," akasema. "Dukani mbele, familia nyuma."

Tukaandika hivyo. Mchoro ukawa na vyumba vinne vya kulala na baraza. Mteremko wa kiti cha magurudumu haukutajwa, uliitwa baraza. Ruhusa ikatoka kabla ya siku 60. Mlango wa mbele tumefungua kiosk, na yule mama mwenye nguvu zake anauza sukari na sabuni, kwa hiyo si uongo kabisa. Jirani wa mkate anawasalimia kila asubuhi.

Nafurahi. Lakini kuna kitu kinanisumbua, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Ruhusa tuliipata siku tulipoacha kusema nyumba ni ya nani. Kwenye faili za kaunti hakuna ombi la makao ya wazee lililokataliwa likapiganiwa. Kuna nyumba moja zaidi ya familia. Atakayekuja baada yetu akiuliza kama kuna mtu aliwahi kuomba kitu kama hicho, ataambiwa hakuna, na itakuwa kweli kwa karatasi. Mbingu na wenzake angalau waliacha kelele. Sisi tuliacha baraza.

Na chumba cha nne hakina mtu. Yule mama asiyeona, mwanawe alichoka kungoja akamchukua akaishi naye Mombasa. Anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, Susu anaweka sauti kubwa, wanne wanaongea pamoja. Juzi alitaka kuelezwa chumba chake kikoje. Susu akajisukuma mwenyewe hadi ndani, akaanza kumwelezea: dirisha liko mkono wa kulia, chuma cha kushikilia kiko hapa, mlango hauna ngazi.

Barua zote sasa zinakuja kwa sanduku langu. Nikipokea moja, kabla sijaifungua, naandika tarehe juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu. Fanya hivyo na wewe, kama una mzee anayengoja jibu mahali.